Mfuko wa fildi wa idara: kura ya kutoa hela kila semista, nyinyi mnaonaje?

bamvu_la_asubuhi

Assalaam alaykum jamani, naomba mawazo yenu kabla ya Alkhamis mana siku hiyo ndio tunakaa na kamati. Mimi nipo mwaka wa pili, nasoma sayansi ya bahari hapa Unguja, chuo sitokitaja. Kozi yetu nusu yake ipo pwani, darasani unachorewa tu. Sasa sio kwamba chuo hakitoi hela ya gari ya fildi, kinatoa, lakini hela inakuja inapotaka yenyewe. Na nyinyi mliokulia pwani mnajua, maji hayasubiri sahihi ya mhasibu. Sisi tunataka bamvu, tena bamvu lenyewe, mwezi umeandama au umekuwa mpevu, maji yanakupwa kabisa saa 4 saa 5 asubuhi, hapo unashuka Chwaka unatembea mpaka ndani kwenye majani ya bahari, unatandika kamba yako ya mita 50, unaweka fremu, unahesabu kwa raha zako. Zikipita siku saba hivi maji yameshakuwa mafu, kupwa lenyewe linakuja alasiri tena haliendi mbali, unabaki umesimama ufukweni na fremu yako mkononi kama muuza madirisha.

Semista iliyopita hela imetoka maji mafu. Tukaenda hivyo hivyo kwa sababu isipotumika inarudi ilikotoka. Kamba ya mita 50 tumetandika mpaka mita 18, baada ya hapo maji kifuani. Ripoti zilizoandikwa baada ya pale Mungu anazijua.

Ndio kamati ikaja na fikra ya mfuko. Kila mmoja atoe elfu 10 kila semista, hela ikae tayari, bamvu likifika kosta inalipwa siku hiyo hiyo watu wanaondoka. Ikibaki tununue vifaa, mana refraktomita ya kupimia chumvi ipo moja darasa zima na kioo chake kimeingia ukungu, unaangalia ndani huoni mstari unaona pepo tu. Na masiki za kuzamia, na viatu vya mpira vya kukanyagia miba.

Wanataka tupige kura, ikipita walipe wote. Grupu la watsapu limeshawaka moto huko, watu hawasalimiani. Nauliza: kura ipite kwa nusu au kwa thuluthi mbili? Asiyetaka kutoa afanywe nini? Na hizo hela akae nazo nani?

mhazina_mstaafu

Waalaykum salaam. Naanza na la mwisho mana ndilo lililotuua sisi.

Sisi tulikuwa na mfuko kama huo huo, kozi nyengine, miaka imepita. Hela zilikuwa kwenye simu ya CR, yaani kiongozi wa darasa. Kijana mwema, anaswali, hakuna aliyekuwa na wasiwasi nae. Ikatokea babake kalazwa, bumu, hela ya mkopo, halijatoka, na hela zipo pale kwenye simu yake kila akifungua anaziona. Akachukua akijua atarudisha. Bumu likachelewa mara ya pili. Siku ya fildi ilipofika kila mtu anajua hela hazipo na hakuna anaethubutu kumuuliza, utamuuliza vipi mtu mzee wake yuko wodini? Tukachangishana upya kimya kimya na yeye akachanga pia. Mwaka uliofuata ukitaja mfuko watu wanakucheka. Mimi mpaka leo simlaumu yule kijana, namlaumu aliyesema "weka kwa CR tu, tunaaminiana".

Kwa hiyo fungueni akaunti ya kikundi. Wenye saini wawe watatu na hela isitoke bila ya wawili, mmoja katika hao watatu awe mwalimu mlezi, asie na mwanafunzi anaemdai wala anaemuogopa. Nendeni PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, na mkifungua ombeni iwe upande wa Ikhlas, ule wa Kiislamu, vyenginevyo kuna mtu ataibuka katikati ya mwaka na suala la riba na atakuwa na haki yake, bora mulimalize mapema. Taarifa ya benki ibandikwe ubaoni kila mwezi, karatasi yenyewe ya benki, sio mtu kuandika kwenye grupu "hela zipo guys".

Jengine, andikeni kabisa kwamba mfuko huu hautoi mchango wa msiba, wala harusi, wala khitma. Mtaniona mkatili lakini subirini. Mtu kafiwa leo, nani atasema hapana? Hao hao mnaochangia, changishaneni siku hiyo pembeni kama kawaida yetu. Mfuko wa kosta uwe wa kosta.

shamba_boi

Mnazungusha sana. Asiyelipa asipande gari basi, atembee mpaka Chwaka. Mwisho wa mjadala.

bint_makunduchi

@shamba_boi wee kaka umeamka vibaya? Fildi ina maksi. Ukimshusha mtu kwenye gari umemfelisha, na hiyo gari hela yake ya asili inatoka kwenye ada aliyolipa yeye na wewe sawasawa. Kamati ya wanafunzi haina mamlaka ya kumzuia mtu kusoma kitu kilichomo kwenye kozi yake.

Sasa niseme la kwangu. Elfu 10 nyinyi wa mjini mnaiona chipsi na soda mara mbili tatu pale Forodhani. Mimi natoka Makunduchi kila siku, kwenda na kurudi, na sina mkopo. Ndani ya darasa moja kuna waliopata mkopo wa Bodi ya Zanzibar, kuna waliopata wa HESLB, bodi ya mikopo ya Tanzania, na kuna sisi tunaosomeshwa na mama anaefunga mwani Jambiani. Wa HESLB wana fungu la mafunzo kwa vitendo na wengine wana fungu la mahitaji maalumu ya kitivo, kwao hio elfu 10 ina pahala pake. Mimi yangu inatoka kwenye sahani. Halafu kupwa hilo hilo la bamvu mnalolitaka nyinyi kwa fildi ndilo mama anashuka kwenda kuchuma mwani wake, kwa hiyo nikiwa fildi sipo kumsaidia, hapo sijahesabu.

Sisemi mfuko usiwepo. Mita 18 za kamba zimeniuma hata mimi nisiyekuwepo. Nasema hivi, tarehe ya kutoa iwe baada ya bumu kutoka, isiwe wiki ya kwanza. Na asiye nacho amwambie mtu mmoja tu, yule mwalimu mlezi, na jina lake lisionekane popote. Mkibandika orodha ya waliolipa na wasiolipa mlangoni, wallahi mimi nitakuwa wa kwanza kuichana.

mhazina_mstaafu

Hapo kwenye orodha nakuunga mkono bi mkubwa. Benki inaonesha jumla iliyoingia, inatosha. Nani katoa na nani hakutoa abaki nayo mlezi.

wakili_wa_kesho

Nasoma sheria kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Kwanza mtofautishe ada na mchango. Ada inawekwa na baraza la chuo na inapita kwenye taratibu zake. Kamati ya darasa, hata ikipiga kura asilimia mia, haiwezi kutunga ada. Mnachokipigia kura nyinyi ni makubaliano ya kuchanga, na anaekataa huna pa kumshitaki. Mkitaka iwe lazima, pelekeni ombi juu kupitia serikali ya wanafunzi, na mujue ikishakuwa ada inaingia kapu la chuo na mtaanza tena kuisubiri sahihi ile ile. Mtakuwa mumezunguka mpaka mlangoni pa mhasibu.

Suala la wengi kuwalazimisha wachache sio geni. Marekani liliwahi kufika mpaka Mahakama ya Juu, mwaka 2000, chuo cha Wisconsin. Wanafunzi walikataa kulipa ada ya lazima ya shughuli za wanafunzi kwa sababu ilikuwa inagharamia vikundi ambavyo hawakubaliani na misimamo yao. Mahakama ikasema chuo kina haki ya kutoza ada hio, kwa sharti la kuigawa bila kuangalia kikundi kina msimamo gani. Lakini pale chuoni kulikuwa na utaratibu mwengine pia, wanafunzi wanaweza kupiga kura kikundi fulani kipewe au kinyimwe, na hapo majaji wakawa na shaka, mana kura ya wengi haimlindi mdogo. Kesi yao ilihusu uhuru wa maoni, haikuhusu kosta, najua. Nimeileta kwa sababu @shamba_boi anadhani tukishapiga kura tumemaliza kila kitu.

Ama nusu au thuluthi mbili, angalieni hapa hapa kwetu. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ile ya serikali ya umoja wa kitaifa, NDIO ilipata asilimia 66.4. Thuluthi mbili ni 66.6 na kidogo. Sharti lingekuwa thuluthi mbili, jambo zima lile lingeanguka kwa nywele moja na leo tungekuwa tunasimulia mengine. Kwa hiyo msichague thuluthi mbili kwa sababu inasikika vizuri. Kwa mchango wa hiari mimi naona nusu na mmoja inatosha, ila muweke kiwango cha waliojitokeza. Wakija watu kumi na wawili wakapita saba kwa watano, hiyo sio kura, ni mazungumzo ya baraza.

Na wa mwaka wa tatu wasipige. Hawatolipa hata senti, wanamalizia. Wapige watakaotoa.

nimepita_huko

Nimesoma yote, sheria nzuri, benki nzuri, lakini hamjagusa penye hatari.

Mimi nimefanya kazi kwenye ofisi za kitivo kimoja, nimeiona bajeti inavyoandikwa. Mwaka mnaojilipia kosta wenyewe, mtu wa bajeti anaangalia: fildi zilifanyika? Zilifanyika. Chuo kilitoa? Hakikutoa. Basi mwakani lile fungu analihamisha, tena sio kwa ubaya, ana mashimo mengine ya kuziba. Baada ya miaka miwili mnalipa nyinyi milele na hakuna anaekumbuka kwamba ilikuwa haki yenu. Wadogo zenu watakuja kukuta "mila" ya kulipa elfu 10, halafu elfu 20.

Lakini shida ya @bamvu_la_asubuhi ameieleza vizuri pale juu, nyinyi mmeipita. Yeye hakusema hela hamna, amesema hela inachelewa kuliko maji. Basi mfuko usinunue fildi, mfuko UTANGULIZE hela. Kosta inalipwa na mfuko siku ya bamvu, chuo kikitoa hela yake maji mafu, inarudi mfukoni. Mnazungusha hela ile ile. Mkifanya hivyo hata hamuhitaji elfu 10 kila semista, mnachanga mara moja mkiingia mwaka wa kwanza na ukimaliza unarudishiwa ama unawaachia wadogo zako, hiari yako. Bint wa Makunduchi roho yake itatulia.

Ugumu wake upo kwenye risiti, nakwambieni mapema. Mhasibu hatorudisha hela kwa kipande cha karatasi ya daftari kilichoandikwa "nimepokea laki na nusu, dereva". Anataka risiti ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, ile ya elektroniki. Kosta nyingi mnazokodi pale Kwerekwe hazina. Mkikodi kwa kampuni yenye risiti mtapigwa bei ya juu kidogo, lipeni, mana hio tofauti ndiyo inayorudisha hela nzima. Na kabla hamjapiga kura nendeni na mlezi kwa mkuu wa idara mpate barua, mistari mitatu tu, kwamba idara inakubali wanafunzi watangulize na watarudishiwa kwa risiti. Barua hio ikikataliwa basi hata kura msipige mana jibu mmeshalipata.

bint_makunduchi

Hii ya kutanguliza naipigia kura hata leo usiku.

shamba_boi

Haya nimenyamaza 😂 ila mtu asiye na hela na ana simu ya laki tisa nae aende kwa mlezi kimya kimya?

bint_makunduchi

Aende. Mlezi ana macho.

mpemba_wa_weni

Salaam kutoka kisiwa cha pili, mana naona mnazungumza kama sisi hatupo.

Kwenye kozi hii hii kuna sie tuliopo tawi la Pemba. Tunahesabiwa kwenye darasa, tutahesabiwa kwenye kuchanga, lakini kila mnachokitaja ni kosta na Chwaka, Chwaka na kosta. Fildi yetu ni Misali, kisiwa kidogo cha pembeni. Misali hakwendwi kwa kosta ndugu zangu, unashuka Wesha unakodi boti, na boti na mafuta yake ni mara ngapi ya hio laki na nusu yenu sitaki hata kusema. Halafu nahodha wa boti nae akupe risiti ya ZRA? 😅 Mtu anaandika mahesabu yake kwa mkaa ubavuni mwa boti.

Na bamvu letu pia lina shughuli tofauti. Nyinyi mnataka maji yakauke mtembee. Sie Misali tunaingia ndani kutazama matumbawe, maji yakikimbia sana hutulii, unachukuliwa. Wakati mwengine maji mafu ndiyo yanayotufaa, kwa hiyo huo mfuko wa kukimbizana na bamvu kwetu unaweza kuwa umefunguka siku isiyo yetu.

Kwa idadi nyinyi ni wengi, mkipiga kura mtapita tu. Ndio pale wakili kasema, nani anamlinda mdogo? Mimi sipingi, lakini kiandikwe kuna fungu la Pemba, na mwenye saini mmoja awe huku. Sitaki nimpigie simu mtu wa Unguja aniulize "boti ya nini?"

mhazina_mstaafu

Mpemba ana hoja nzito. Ila mwenye saini wa huko akiwa mmoja kati ya watatu na mnahitaji wawili, mtu wa Unguja ataendelea kuulizwa. Fungueni akaunti mbili. PBZ ipo Chake, ipo Wete. Kila tawi lichange lake na litumie lake.

mpemba_wa_weni

Akaunti mbili sawa, lakini tukichanga sawa kwa kichwa sie wachache tutapata hela ya kushusha boti tu, ya kuirudisha hatuna. Tutabaki Misali na kasa.

nimepita_huko

Kwa kuwa ni ya kutanguliza na inarudi, wa Unguja hawapotezi wakiwaazima Pemba kwa wiki mbili. Bamvu la huku na safari ya huko hazigongani, umesema mwenyewe. Hela ikae pamoja, wenye saini wawe wanne, wawili kila upande, na ya Pemba isainiwe na wawili wa Pemba, mlezi wao ndani yake. Nahodha wa risiti atafutwe kwa wenye kampuni za kupeleka wageni, hao lazima watoe. Bei itauma.

bamvu_la_asubuhi

Allah awabariki nyote. Nimekaa usiku nimeandika karatasi ya kura, naiweka hapa muichambue kabla sijaipeleka:

"Je, unakubali kuanzishwa mfuko wa kutanguliza gharama za usafiri wa fildi, kwa mchango wa hiari wa shilingi 15,000 mara moja tu, utakaotolewa baada ya mkopo kutoka, utakaorejeshwa kwa aliyechanga anapomaliza masomo akitaka, utakaotumika kwa kosta na boti pekee kwa matawi yote mawili, na utakaofungwa hela zikigawiwa iwapo idara haitorejesha gharama kwa semista mbili mfululizo? NDIO / HAPANA"

Refraktomita nimeitoa. Iliniuma lakini mkichanganya vifaa hela haizunguki tena, imekwenda. Tutaiombea kwa barua mbali.

Wa kupiga ni mwaka wa kwanza na wa pili. Nusu na mmoja, na wajitokeze angalau thuluthi mbili ya wanaostahiki. Kwa mkuu wa idara nakwenda Jumatano na mlezi.

Sasa fomu ya mtandaoni au karatasi?

wakili_wa_kesho

Hicho kipande cha kufungwa ndicho kizuri kuliko vyote, usikubali mtu akitoe. Ila sentensi ni ndefu, mtu anaweza kukubali robo tatu akakataa mwisho. Masharti yaandike juu, mstari mmoja mmoja, halafu suala liwe fupi: unakubali au hukubali.

mhazina_mstaafu

Karatasi. Fomu ya mtandaoni mtu ana imeili tano anapiga mara tano, na ukimtaka aweke namba ya usajili basi si siri tena, na mambo ya hela watu wanataka siri. Sisi tulitumia ndoo ya rangi, ile ya lita 20, kifuniko kimetobolewa kwa kisu cha moto, imezungushiwa selotepu mpaka haifunguki bila kuonekana. Ikawekwa mlangoni watu wakitoka kwenye jaribio, siku ya jaribio hakosi mtu. Mmoja anatia tiki namba ya usajili kwenye orodha, mwengine anakupa karatasi yenye muhuri wa mlezi. Mkahesabu pale pale mbele ya watu, kwa sauti. Pemba wafanye siku hio hio saa hio hio, na matokeo ya huko yasitumwe kwenye grupu kabla ya huku kumaliza kupiga.

mpemba_wa_weni

Ndoo tunayo. Jaribio letu ni Jumanne ijayo saa 2 asubuhi, lenu?

bamvu_la_asubuhi

Jumanne hio hio lakini saa 8 mchana. Namuomba mwalimu alisogeze asubuhi, akikataa nyinyi pigeni saa 2 ndoo ikae imefungwa kwa mlezi wenu mpaka saa 10.

shamba_boi

Na mtu akiwa hakuja jaribioni?

bint_makunduchi

Huyo ana matatizo makubwa kuliko kosta.